Mnamwogopa Simba, Mnaliachia Basi

Ukiwaambia watu kwamba unataka kwenda Mbeya kwa baiskeli, peke yako, na kwamba usiku utalala kwenye hema, maswali utakayoulizwa yanajulikana. Simba je? Fisi? Ukivamiwa usiku wa manane utamwita nani? Shangazi atakukumbusha kwamba una watoto. Rafiki atakwambia hayo waachie Wazungu, wao ndio wenye muda wa kupoteza. Na yule anayekupenda kuliko wote atakutolea nauli mfukoni, akusihi upande basi ufike salama.

Upande basi ufike salama! Maneno haya yanasemwa kwa nia njema, katika nchi ambayo polisi wake wenyewe huhesabu zaidi ya watu 1,000 wanaokufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Wanaoyasema wengi wao wamewahi kumzika ndugu au jirani aliyefia barabarani. Nimesafiri kwa baiskeli na hema kwa miaka mingi, mara nyingi kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na nimechoka kuambiwa kwamba hatari yangu ni giza na upweke. Hatari yangu huja mchana kweupe, ina namba za usajili, na dereva wake ana leseni.

Sitaki kuambiwa namdharau simba. Simba wa Tanzania wanaua watu, hilo si hadithi. Mwaka 2005 Craig Packer na watafiti wenzake walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 na kujeruhi wasiopungua 308, hasa katika wilaya za kusini na pwani. Tunduru wazee bado wanawakumbuka simba wa miaka ya 1980. Lakini tazameni hali ambamo watu hao waliuawa. Matukio mengi yalitokea msimu wa mavuno, wakulima wakiwa wamelala kwenye madungu shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na simba huwafuata nguruwe hao mpaka shambani. Mkulima huyo ndiye anayestahili wasiwasi wetu, na hakuna anayemuuliza kama haogopi. Kisha chukueni idadi hiyo, ya miaka takriban 15, muiweke kando ya hesabu ya polisi ya mwaka mmoja. Simba hafiki hata karibu.

Kuna mahali pa kuheshimu. Barabara ya Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Humo hupigi hema na huingii jioni, na tembo akisimama kando ya lami unasubiri mpaka aamue mwenyewe kuondoka. Ukiona mambo si mazuri, unaomba lori likubebe na baiskeli yako hadi upande wa pili, wala hupungukiwi na kitu. Lakini hata humo, mizoga niliyoiona pembeni mwa lami ilikuwa ya wanyama. Swala, ngiri, fisi, wamegongwa na magari usiku na kuachwa hapo. Fisi mnayenitishia naye ndiye aliyelala pale, mbavu zimevunjika. Kwa ajili yao yamewekwa matuta, na kuna bango linalotaja faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Naliunga mkono bango hilo kwa moyo wote. Ninachouliza ni lini mwendesha baiskeli naye atathaminiwa kiasi hicho kwenye barabara hiyohiyo.

Tuje kwa binadamu. Wanaolihofia hema huliwaza likiwa porini, taa inawaka ndani, msafiri kajikunyata akisikiliza nyayo. Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kulala hivyo. Kuanzia saa kumi jioni unaanza kutazama vijiji, na ukikipenda kimoja unashuka, unaulizia nyumba ya mwenyekiti au ofisi ya mtendaji. Unaamkia, unaeleza ulikotoka na unakokwenda, unatoa kitambulisho. Ukishaandikwa kwenye daftari la wageni, wewe si mtu wa njiani tena. Kijiji kizima kinajua kwamba ukidhurika, mwenyekiti ndiye atakayeulizwa. Hema linapigwa uwanja wa shule, nyuma ya zahanati, au pembeni mwa msikiti, mahali penye watu.

Jioni moja nilifika kijiji cha bondeni, kwenye mibuyu na mashamba ya vitunguu, kabla ya kuupanda Mlima Kitonga. Mwenyekiti nilimkuta akishona midomo ya magunia ya vitunguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na hiyo mizigo yote, unahama?"

Alikisoma kitambulisho changu kwa tochi ya simu, herufi kwa herufi, akaandika jina, kisha akamtuma mjukuu wake anipeleke. Watoto walikaa mduara kutazama hema likisimama. Akaja mama mmoja na sahani ya ugali na maharage, akainama, akaingiza kichwa hemani, akaubonyeza mkeka wangu kwa kidole. "Baba, humu utajinyoosha kweli?" Nikamwambia nimezoea. Alipokuwa anaondoka akasema, "Usiku usihangaike, mbwa akibweka ni wa kwetu. Ila kesho kule kwenye kona za mlimani uangalie hayo malori."

Hakutaja simba, wala jambazi. Ameishi kando ya barabara hiyo maisha yake yote, anajua ni kitu gani kinawapunguza watu wa kijiji chake.

Na huo upweke mnaonihurumia ndio unaonifungulia milango. Watu kumi wenye baiskeli ni msafara. Watauziwa maji, watatazamwa kwa mbali. Mtu mmoja mwenye vumbi usoni ni mgeni, na mgeni tunajua namna ya kumpokea. Siwezi kuapa kwamba wezi hawapo. Wapo, hasa viunga vya miji na kwenye stendi, na huko silali hemani, nachukua chumba.

Hofu hii ya kusafiri peke yako inawaumiza zaidi wanawake. Msichana akitaja safari ya baiskeli peke yake, ukoo mzima unaitisha kikao. Siwezi kumwambia kwamba hana la kuhofia, maana wanaume wa kumsumbua wapo, na anatakiwa kuchagua pa kulala kwa uangalifu kuliko mimi: ndani ya ua wa familia, karibu na mama mwenye nyumba, hema mlango kwa mlango na chumba cha mabinti. Lakini hatari hiyo anaijua tangu shuleni, anaikuta kwenye daladala na kazini, na hatujawahi kumwambia aache kazi. Mwaka 1992 Dervla Murphy wa Ayalandi, akiwa na umri wa miaka 60, aliendesha baiskeli peke yake kutoka Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Kitabu alichokiandika kinaitwa The Ukimwi Road. Kilichokuwa kikiua watu kando ya njia yake kilikuwa maradhi, yakisafiri kwenye barabara za malori, na ndicho watu walichozungumza naye kila alipolala.

Kabla yake alikuwepo Kazimierz Nowak wa Poland. Alianzia Tripoli mwaka 1931, akafika ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1934, akageuka na kurudi hadi Algiers mwaka 1936, jumla ya takriban kilomita 40,000, nyingi kwa baiskeli na nyingine kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Alifariki kwao Poznań mwaka 1937, mwili umechoshwa na malaria. Mbu ndiye mnyama aliyempata. Kwa hiyo anayetaka kunijali aniulize kama hema langu lina chandarua kizima.

Na lile la kusema haya ni mambo ya Wazungu nalo lifike mwisho. Mwaka 2023 kijana wa Guinea, Mamadou Safaiou Barry, aliondoka kwao kwa baiskeli kwenda kutafuta elimu Al-Azhar, Misri. Alipita nchi zenye machafuko, njia ambayo nisingemshauri mtu, na alishikiliwa na vyombo vya usalama Burkina Faso na Togo. Chad alimpata mtu wa kumsaidia kwa ndege, na Al-Azhar wakampa ufadhili wa masomo. Hata bila kwenda Guinea, amka alfajiri njia za Kisarawe uwatazame wanaoingiza mkaa Dar es Salaam kwa baiskeli, magunia yamepita kichwa. Nyama choma ya mjini imepikwa kwa jasho la watu hawa. Nani amewahi kuwauliza kama hawaogopi?

Wanachokiogopa nakijua, kwa sababu nakiogopa pia. Basi unalisikia kabla hujaliona. Linapokupita, upepo wake unakusukuma kushoto. Likishamaliza kupita, nafasi liliyoacha inakuvuta kulia, kuelekea katikati ya barabara. Usipokaza mikono, trela linalofuata linakukuta huko. Kushoto nako huna pa kukimbilia: ukingo wa lami umemegeka, chini yake kuna kina cha kiganja, na tairi la mbele likitumbukia kwa kasi umekwisha. Hiyo ni hatari ya nyuma. Mbaya zaidi ni ya mbele, basi linalo-"ovateki" lori na kuja upande wako, limewasha taa zote. Dereva amekuona. Amekuona vizuri, na ameamua kwamba wewe ndiye utakayeingia kwenye majani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Shirika hilo linasema pia kwamba gari linalomgonga mtu kwa kilomita 65 kwa saa lina uwezekano wa kumuua mkubwa mara 4.5 kuliko la kilomita 50. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwenye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na malori nje ya hapo. Lakini madereva wanapeana ishara ya taa kwamba trafiki wa tochi ya kupima mwendo yuko mbele, wanapunguza, wakishampita wanakanyaga tena, na abiria tuliomo ndani tunashangilia kwamba dereva ni mjanja. Sisi haohao ndio tunaofika nyumbani na kumwonya mpwa wetu juu ya simba.

Hofu ikielekezwa porini, hakuna wa kudaiwa, kwa sababu simba hana wizara. Ikielekezwa barabarani, wa kudaiwa wanajulikana kwa vyeo. Ujerumani tangu 2020 sheria imetamka nafasi ambayo gari lazima liiache likimpita mwendesha baiskeli: mita 1.5 mjini, mita 2 nje ya mji. Kwetu nataka umbali kama huo uandikwe, na upimwe na trafiki. Nataka kila barabara kuu inayojengwa upya iwe na bega la lami pande zote mbili, pana kiasi cha baiskeli yenye magunia kupita bila kugusa mstari mweupe. Na wahandisi wakija kijijini kueleza mradi, mwenyekiti awaulize mbele ya mkutano baiskeli itapita wapi, na mkutano usifungwe mpaka waionyeshe kwenye mchoro.