Rangi Si Dawa ya Fangasi

Nilimdanganya mtu kwa kunyamaza, na leo nataka kulisema.

Oktoba nilirudi Mpanda kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, nikapanga chumba Kawajense. Kodi ya miezi sita, taslimu, kabla ya ufunguo. Ukuta ulikuwa mweupe, unanukia rangi mpya. Mvua za Katavi zikaanza Novemba. Kufika Krismasi rangi ilishavimba, chumvi inadondoka sakafuni kama unga, na nyuma ya kitanda madoa meusi ya fangasi yamepanda hadi kiunoni. Godoro likanuka. Nikaanza kukohoa usiku.

Baba mwenye nyumba akaja, akatazama, akasema: “Mwanangu, wewe hufungui dirisha.”

Dirisha husaidia, sikatai. Lakini dirisha halizuii maji yanayopanda kutoka ardhini. Fundi niliyemwita alibandua lipu akanionyesha: matofali ya kuchoma yamepangwa juu ya msingi bila kulazwa nailoni, na bati halina mfereji, kwa hiyo kila mvua inamwagikia mguuni mwa ukuta. Tofali hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ukilipaka rangi ya mafuta, unayafungia maji ndani, nayo yatatafuta pa kutokea juu zaidi. Tiba huanzia nje: mfereji, na udongo wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Kisha lipu iliyooza itoke, ukuta ukauke. Rangi ni ya mwisho.

Najua jibu la wenye nyumba: “Hutaki, hama.” Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kuishi binadamu, tangu siku ya kwanza hadi pango linapoisha. Hiyo si hisani.

Wala si suala la urembo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na fangasi majumbani, likivihusisha na kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki kwa sababu ya fangasi wa nyumba waliyopanga wazazi wake. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Aliambiwa apake rangi. Mwaka 2023 Waingereza wakatunga sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo.

Februari nilimaliza kazi, nikiwa na mwezi mmoja mbele. Mwenye nyumba aliahidi kunirudishia kodi ya mwezi huo akipatikana mpangaji. Akapaka rangi. Akaja dada mmoja, mtoto mgongoni, akazungusha macho. “Pazuri,” akasema. Akanigeukia: “Kaka, hapa vipi, pana shida yoyote?”

Nikasema pako sawa. Nikapokea hela yangu, nikapanda basi.

Tunawalaumu wenye nyumba, na wanastahili. Lakini rangi ile haikudanganya peke yake. Ilihitaji shahidi, na shahidi nilikuwa mimi. Ukienda kutazama chumba, sogeza kitanda, weka kiganja chini ya ukuta, muulize anayehama. Na wewe unayehama, ukiulizwa, sema.