Hesabu ya mikoko isiwe siri ya wataalamu

Tangu 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni kaunti ya Kwale wamekuwa wakiuza kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yake yamesaidia shule na maji. Vanga nao wakafuata. Sasa mazungumzo ya kaboni yamefika hadi Lamu, kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Lakini swali moja haliulizwi vya kutosha: nani anapiga hesabu?

Mnunuzi aliye ng'ambo haoni mti. Ananunua tarakimu. Msituni mti hupimwa unene na aina yake ikaandikwa, kisha kanuni ya hesabu hugeuza unene huo kuwa uzito. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za kaboni dioksidi. Kanuni ya mchu ukiitumia kwa mkoko, jibu hubadilika, na pesa za kijiji nazo hubadilika.

Hapo ndipo programu huria zinapokuwa na maana kwetu. Shirika la FAO linatoa bure zana za Open Foris. Collect huhifadhi vipimo, na ile ya simu hufanya kazi msituni hata pasipo intaneti. Collect Earth husaidia kukagua ardhi kwa picha za setilaiti. Tanzania ilitumia Collect katika tathmini yake ya kitaifa ya misitu, NAFORMA. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua.

Tusijidanganye, lakini. Programu kuwa wazi hakufanyi takwimu ziwe wazi. Kampuni yaweza kutumia zana ya bure na bado ikafungia vipimo kabatini. Na zana bila watu waliofunzwa haina faida.

Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Jamii itajuaje imepata haki yake ikiwa haijui tani zilihesabiwaje? Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, vyama vya jamii vya misitu vidai mambo matatu: nakala ya vipimo vyote, kanuni iliyotumika iandikwe kwenye mkataba, na vijana wa kijiji wafunzwe kupima na kuhesabu.

Ujuzi si mgeni kwetu. Wakataji wa Lamu hutenganisha fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene tangu zama za mababu. Kilichobaki ni vipimo hivyo viingie kwenye simu zao, na nakala ibaki kijijini.