Jiko la gesi nalo linahitaji kliniki

Wazazi wengi wanaijua tarehe ya kliniki ya mtoto bila kutazama kadi. Wanajua lini ana chanjo na lini anapimwa uzito. Waulize mpira wa gesi wa jikoni mwao ulibadilishwa lini mara ya mwisho, wengi watabaki wanatazamana. Mpira ulinunuliwa siku moja na jiko, na tangu siku hiyo kinachobadilishwa ni mtungi peke yake.

Wiki hii tunalizungumzia jiko la gesi kama suala la afya, maana ndivyo lilivyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo tunaliunga mkono. Moshi wa kuni na mkaa umeumiza vifua vya kina mama kwa miaka mingi, na kwa watoto wadogo huongeza hatari ya nimonia. Lakini gesi ni safi pale tu inapoungua vizuri. Jiko likichakaa, na chumba kikakosa hewa, usafi huo unapungua na hatari nyingine inaingia.

Moto wenyewe unasema

Jiko zima hutoa moto wa bluu uliotulia. Ukiona moto wa njano unaoyumba, na chini ya sufuria panajaa masizi, ujue gesi haipati hewa ya kutosha ya kuungulia. Mara nyingi sababu ni ndogo: vitundu vya moto vimezibwa na uji uliofurika, kifuniko cha juu hakijakaa sawasawa, au buibui ametanda utando kwenye njia ya hewa chini ya jiko. Chumvi ikidondokea motoni nayo huleta rangi ya njano, ila hiyo hupita mara moja. Ya kuogopa ni ile inayobaki.

Dawa ya kwanza iko mikononi mwako. Zima jiko, funga mtungi, subiri lipoe. Toa kifuniko, osha kwa maji ya sabuni, zibua vitundu kwa brashi ngumu au pini bila kuvipanua, kausha kabisa, kisha rudisha kila kitu mahali pake. Moto ukiendelea kuwa wa njano, au ukiruka na kujitenga na vitundu vyake, mwite fundi. Kurekebisha kiasi cha hewa na gesi ni kazi yake. Usichokonoe tundu dogo linalopitisha gesi, kwa kuwa ukilipanua kidogo tu, jiko litachoma gesi nyingi kuliko hewa iliyopo.

Mpira na reguleta navyo vina umri wake. Baadhi ya mipira imechapishwa tarehe, isome. Mpira uliopasuka, uliokauka, uliolainika au ulioguswa na moto haufai kufungwa gundi wala plastiki, unatupwa. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Kumbuka pia kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni, mahali anapotambaa mtoto wako. Ndiyo maana huwekwa harufu kali makusudi. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe simu ndani. Funga mtungi kama unaufikia kwa usalama, fungua milango, toa watu wote nje, kisha ita msaada.

Ugonjwa unaofanana na malaria

Hewa isiyotosha huzaa kitu kingine kisicho na rangi wala harufu: kaboni monoksidi. Ile harufu ya gesi haitakuonya hapa, kwa sababu hii inatokana na kuungua vibaya na si kuvuja. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unaanza kukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Ni nani kati yetu atasikia orodha hiyo asiwaze malaria? Lakini kuna alama za kutofautisha. Mara nyingi homa haipo. Wanaumwa watu wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani kichwa kinaanza upya. Ukiona hivyo, zima chochote kinachowaka, toka nje na watoto wote, na muende hospitali. Tiba ya kwanza ni oksijeni, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Anayelala na kushindwa kuamka yuko katika hatari ya kufa.

Ukifika, mwambie mhudumu ni nini kilikuwa kinawaka nyumbani. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayezidiwa. Maneno yako ndiyo yatakayomfanya mhudumu atafute kisichoonekana.

Wajawazito wawe waangalifu zaidi, maana sumu hii humfikia mtoto tumboni. Vivyo hivyo wenye upungufu wa damu, selimundu na maradhi ya moyo, ambao oksijeni yao haina akiba. Na mwenye mtoto mwenye pumu ajue kwamba hata moto wa bluu hutoa hewa zinazochokoza kifua. Fungua dirisha kila unapopika, na asikae jikoni bila sababu.

Chumba kimoja, baridi na mkaa

Tunafahamu kwamba si kila msomaji ana jiko lenye chumba chake. Wengi wanapika mahali wanapolala. Kwao ushauri ni huu: pika mlango au dirisha likiwa wazi, na funga mtungi kwenye reguleta kabla ya kulala, si kwenye swichi ya jiko tu. Mtungi usimame wima, mbali na moto.

Kwa ndugu zetu wa Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto, na wa Limuru kule Kenya, miezi ya baridi ina kishawishi chake. Jiko la gesi halikutengenezwa kupasha chumba joto, usiliache likiwaka kwa kazi hiyo. La mkaa ni baya zaidi: mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, ndio huo unaomwaga kaboni monoksidi chumbani. Kulala nao mlango ukiwa umefungwa ni kuhatarisha maisha ya wote waliomo. Ongezeni blanketi, wavisheni watoto soksi na kofia, na jiko libaki nje. Wenye mashine za gesi za kuchemshia maji ya kuoga nao wasikubali zifungwe ndani ya bafu lisilo na tundu la kutolea hewa.

Mzigo huu si wa familia peke yake. Anayegawa au kuuza mtungi atoe pia dakika kumi za kuonyesha namna ya kupima uvujaji, na awe na mpira mzima wa kuuza jirani na mtungi. Mwenye nyumba asizibe dirisha la jikoni ili apate chumba cha ziada cha kupangisha. Na katika kliniki za mama na mtoto, pale tunapoulizwa kuhusu chandarua, liongezwe swali moja: nyumbani mnapikia nini, na wapi? Kampeni inayohesabu mitungi iliyogawiwa bila kuhesabu walioelekezwa kuitumia imeishia njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla hujainjika sufuria, washa jiko na utazame rangi ya moto. Kisha ukague mpira, na uandike tarehe nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Siku ya chanjo ijayo utakumbuka vyote viwili.