Tundu Ukiligundua, Utangaze au Unyamaze?

Nimekuwa kimya kwa muda, mnisamehe. Kazi ya kuandika programu za watu ilinibana, na stima ya huku mnaijua wenyewe. Leo nina jambo moja ambalo nimelibeba kichwani tangu mwezi uliopita.

Ilikuwa Jumamosi hapa Litein, mvua ile ya saa tisa ikinyesha kama kawaida ya nchi ya chai. Nikakimbilia kibanda kimoja cha gemu. Humo kuna runinga nne, PS3 mbili na PS4 mbili, na vijana wanalipia kwa mechi. Mwenye kibanda alikuwa amenuna. PS4 yake moja ilikuwa na toleo la 9.00 la programu ya ndani ya mashine, ambalo tundu lake lilitangazwa Desemba 2021. Kwa tundu hilo aliifungua akaweka gemu zake ndani. Shida ni kwamba mashine ikizimwa, kufuli linarudi, kwa hiyo kila stima ikipotea lazima aanze upya na flashi yake. Sasa usiku wa kuamkia siku hiyo, kijana aliyeachiwa duka aliiunganisha na intaneti ya simu, mashine ikajisasisha. Tundu likazibwa. Kwisha!

Akanigeukia. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hebu niambie. Hawa wadukuzi wanaogundua matundu halafu wanayatangaza dunia nzima, si ndio wanaofanya kampuni iyazibe? Wangenyamaza tu, tungekula polepole."

Kijana mmoja aliyeshika padi akadakia, "Na wangenyamaza, wewe ungelijuaje hilo tundu?"

Watu wakacheka, lakini swali ni zito. Ukiangalia vizuri utaona kitu cha ajabu: kampuni inataka mdukuzi anyamaze kwa sababu wezi watafaidika, na mwenye kibanda anataka mdukuzi anyamaze kwa sababu kampuni itaziba. Wote wawili wanataka ukimya! Mimi niko upande mwingine. Nasema atangaze. Lakini kuna mahali ninaposimama, na mahali penyewe nilipajua vizuri siku hiyohiyo, kabla mvua haijaisha.

Kwanza niseme ukweli kuhusu maslahi yangu. Mimi ni mtoto wa tundu lililotangazwa. Mwaka 2008 ilitolewa bure programu inayoitwa Free McBoot, unaiweka kwenye memori kadi ya PS2 na mashine inaanza kuendesha programu ambazo Sony hawakuziidhinisha. Wengi waliitumia kucheza gemu za kunakili, na mimi pia nilizicheza, sitajifanya mtakatifu. Lakini siku moja nikagundua kwamba mashine ileile inaweza kuendesha programu niliyoiandika mwenyewe. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, ila PS2 kuukuu ilikuwepo. Programu yangu ya kwanza katika lugha ya C niliitengeneza kwenye kompyuta ya chuo, nikaibeba kwa flashi hadi nyumbani, na kwenye runinga ya mama yangu yakatokea maneno "Habari ya Litein". Mama hakuona maajabu yoyote. Mimi sikulala.

Sasa tuje kwenye kesi zenyewe, maana maoni bila mifano ni kelele tu.

Mashine za PS3 zilipotoka mwaka 2006, Sony waliruhusu mtu kuweka Linux kwa njia iliyoitwa OtherOS. Januari 2010 Mmarekani George Hotz akatangaza tundu la kupenya zaidi ya hapo. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony wakatoa sasisho lililoondoa OtherOS kabisa. Ukikataa sasisho, unakosa kucheza na wengine mtandaoni. Ukikubali, unapoteza kitu ulichokinunua ukikijua kimo. Fikiria umenunua pikipiki yenye keria, halafu siku ya kuipeleka sevisi fundi anaing'oa keria na kukuambia ni kwa usalama wako.

Desemba mwaka huohuo kundi la fail0verflow likasimama mbele ya mkutano wa wadukuzi huko Berlin na kueleza kosa la kuchekesha. Kila programu ya PS3 hutiwa sahihi ya siri ili mashine ijue imetoka kwa Sony. Ili sahihi hiyo iwe salama, kila mara unapotia lazima utumie namba mpya ya kubahatisha. Sony walitumia namba ileile kila mara! Basi ukichukua sahihi mbili unapata hesabu mbili zenye herufi mbili usizozijua, kama zile tulizofanya sekondari, na ufunguo wa siri unatoka. Januari 2011 Hotz akauchapisha ufunguo mkuu. Sony wakamshtaki, na Aprili 2011 ikatangazwa kwamba wamemalizana nje ya mahakama.

Sikubaliani na kila alichofanya Hotz. Lakini lile somo la namba ya kubahatisha nimelitumia kazini kwangu. Hata leo kosa hilo hufundishwa kwa mfano wa PS3. Kama fail0verflow wangenyamaza, ni nani angelijua nje ya Sony?

Mfano wa pili ndio ulionishawishi zaidi. Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017. Ndani ya chipu yake ya NVIDIA kulikuwa na tundu kwenye sehemu inayoandikwa kiwandani, ambayo haiwezi kubadilishwa kwa sasisho. Kate Temkin aliligundua, akawaarifu NVIDIA na Nintendo, akapanga siku ya kulitangaza. Wakati huohuo fail0verflow nao walikuwa wameligundua wenyewe na kuweka muda wa siku 90. Na kundi la tatu, Team Xecuter, tangu mwanzoni mwa 2018 lilikuwa likitangaza kwamba lina chipu ya kuuza. Aprili 2018 siri ikaanza kuvuja, na Temkin na fail0verflow wakachapisha maelezo yao bure.

Umeona? Watu wasiopanga pamoja walifika kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo ukimya wa mmoja haulizibi tundu. Ukimya unawaachia soko wale wanaotaka kuliuza. Team Xecuter waliendelea na biashara yao ya vifaa vya kuchezea gemu za wizi, na Februari 2022 mmoja wao, Gary Bowser, alihukumiwa Marekani kifungo cha miezi 40. Mimi siwaweki Temkin na Team Xecuter kwenye kapu moja. Mmoja alitoa maarifa, wengine waliuza ufunguo wa kuibia. Mtu akiniambia "wadukuzi wote ni wezi", namwomba aeleze tofauti hiyo kwanza.

"Lakini wizi wa gemu unaongezeka!" Ndiyo, unaongezeka, na mimi ni mtengeneza programu, najua uchungu wake. Nimewahi kukuta programu yangu ndogo ya kuhesabia stoo ikiuzwa dukani kwenye sidii na mtu nisiyemjua. Sikufurahi hata kidogo. Pia sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja makufuli ya kiufundi yanayolinda kazi za watu, kwa hiyo wasomaji msije mkasema niliwaambia ni ruhusa.

Ila tuwe wakweli kwa pande zote. Mei 2024, gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu Sony walitaka kila mchezaji awe na akaunti ya PSN, na nchi hizo PSN haikuzifikia. Kenya ilikuwa humo. Maana yake ni kwamba mtu wa Kericho aliyenunua PlayStation kwa pesa halali, akitaka akaunti, alilazimika kudanganya kwamba anaishi Uingereza au Afrika Kusini. Mteja ambaye hata kwenye orodha hayupo unamtegemea aheshimu kufuli lako kwa moyo gani?

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu konsoli ni huu: mwarifu mtengenezaji, mpe siku, halafu tangaza maelezo yote. Usitoe kifurushi cha kuibia gemu. Inawezekana kabisa. Mwaka 2024 mtafiti Andy Nguyen alichapisha tundu la PS4 baada ya kuliripoti kwa Sony, akalipwa dola 12,500, na likazibwa. Tundu lenyewe lilitokana na kosa lililojulikana kwenye FreeBSD tangu 2006. Miaka 18! Kama kampuni kubwa hivyo inaweza kukaa na kosa lililotangazwa zamani, fikiria lile ambalo halijatangazwa.

Haya yote niliyasema pale kibandani kwa sauti, mvua ikipiga mabati, nikijiona mwanasheria. Tangazeni! Nikamaliza. Ndipo kijana yule wa padi akanivuta pembeni.

Anatoka upande wa Bomet, wazazi wake wana shamba dogo la chai. Akaniambia, "Mwalimu, kama ni hivyo basi nina langu la kutangaza." Akanionyesha simu. Kuna mfumo mmoja (sitautaja, wala msinibahatishie) ambao mkulima anautumia kuona kilo zake alizopeleka na malipo yake. Kijana alikuwa akimwangalizia mama yake. Akabadilisha tarakimu moja ya mwisho kwenye anwani ya ukurasa, akaona kilo za mtu mwingine. Jina, kilo, pesa, makato ya mkopo. Akabadilisha tena, akamwona jirani. Alitaka kuliweka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji jioni hiyohiyo, watu wajue.

Nikajikuta namwambia, "Usitangaze." Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Dakika tano nyuma nilikuwa nahubiri kinyume!

Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hili. Tundu la PS4 linafungua mlango wa mashine yako mwenyewe. Ukilitangaza, anayeingia anaingia kwake, na mwenye kulalamika ni aliyekuuzia nyumba akabaki na ufunguo. Tundu la mfumo wa chai linafungua milango ya watu maelfu ambao hawapo kwenye mazungumzo. Mjane fulani ana deni ambalo watoto wake hawalijui. Mzee fulani amepokea bonasi na hajasema nyumbani. Ukitangaza leo usiku, kesho asubuhi kijiji kizima kimesoma mifuko yao, na wa kuumia si kampuni. Kabla hujauliza kama tundu litangazwe, uliza mlango ni wa nani.

Tena kuna hatari yake mwenyewe kijana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inampa anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Usitegemee nia njema kuwa koti la mvua.

Lakini kunyamaza nako hakufai, ndiyo maana sikumwambia afute na kusahau. Jumatatu tuliandika barua. Tulieleza tundu liko wapi na litazibwaje, bila kuweka taarifa ya mkulima yeyote. Nilitia sahihi yangu peke yangu, jina lake halimo. Tumewapa siku 90. Tumewakumbusha pia kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, anayezisimamia anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Siku zikiisha bila kitu, barua ya pili itaenda kwa Kamishna mwenyewe, na wakulima wataambiwa kwamba taarifa zao zilikuwa wazi, bila kufundishwa namna ya kuzichungulia.

Leo ni siku ya 23. Tumejibiwa mstari mmoja: "Asante, tumepokea." Jana usiku niliangalia kwa namba ya mama yake kijana, kwa ruhusa yake, bila kuwa nimeingia kwa akaunti yoyote. Ukurasa ulifunguka. Tundu bado lipo.

Na hapa ndipo sina raha. Kwa siku hizi zote wakulima hawajui, na mimi najua. Nikikutana na majirani wakitoka kwenye kituo cha kununulia chai na risiti zao mkononi, nasalimia haraka napita. Huo ndio mzigo wa kungoja, na wanaosema "mwarifu mwenye mfumo kwanza" kama vile ni jambo jepesi, pengine hawajawahi kuubeba. Lakini bado naona ni afadhali mimi niubebe siku 67 zilizobaki kuliko yule mjane asomwe mfukoni.

Mwenye kibanda, kwa taarifa yenu, hakuridhika na hotuba yangu hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Sasa PS4 yangu inarudi au hairudi?" Nikamwambia angoje, kuna mtu mahali fulani atapata tundu jingine, na akiwa muungwana atalitangaza.

Nitawaambia siku ya 90.