Kabla Hujamcheka Staa kwa "I Am Boring", Pitia Hapa Kwanza

Wiki hii kuna klipu imetembea balaa. Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina naliacha maana mmeshamchamba vya kutosha, alikuwa laivu na mashabiki wake wa nje. Mmoja akamuuliza mbona kapoa, naye akajibu, "Sorry guys, I am boring today." Basi! Mpaka jioni watu walikuwa wameyabandika maneno yale kwenye picha za mbuzi.

Na mimi nilicheka, sidanganyi. Ila nikapita kwenye komenti, nikakuta dada mmoja aliyemcheka kuliko wote kaandika, "Someone should borrow her a dictionary." Hapo nikaweka simu chini.

Tuelewane. "I am bored" ni nimeboreka. "I am boring" ni mimi naboa, yaani mimi ndio nawachosha wengine. Sasa niambie, kuna mtu wa mjini asiyejua tofauti ya kuboreka na kuboa? Hakuna. Staa wetu tofauti anayo kichwani, tena kwa Kiswahili. Hakupata tu mtu wa kumwonyesha kuwa Kiingereza nacho kinazitenganisha. Ukiishika hiyo, umepata na nyingine: "I am confused" ni nimechanganyikiwa, "I am confusing" ni nawachanganya watu.

Tuje kwa yule dada wa kamusi. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Tatizo linaanzia kwetu, maana kuazima kunaenda pande zote mbili. "Nimeazima chaja" na "niazime chaja", neno ni lile lile. Ukilibeba hivyo hivyo kwenye Kiingereza unatoka na "borrow me". Dawa ni kuigeuza iwe hela kabla hujaongea. Anayechukua anakopa, "borrow". Anayetoa anakopesha, "lend".

Sasa niwape ya kwangu, maana mimi sio mwalimu, nimeishia Fomu Foo. Kuna mwaka niliitwa intavyuu ya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini. Meneja, mgeni, akaniuliza kama nitaweza shifti ya usiku. Mimi wakati huo nilikuwa nakesha kwenye kibanda cha chipsi cha mjomba, usiku kwangu ni kitu cha kawaida. Nikajibu kwa kujiamini, "I used to work at night." Akaniuliza, kwa nini uliacha? Niache nini tena? Nikaanza kujiumauma, mwisho nikasema "Yes". Akaandika kitu kwenye karatasi, akanishukuru. Simu haijapigwa mpaka leo.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. "I used to work at night" ni zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi. Nimezoea ni "I am used to working at night". Kaneno "am" na "-ing" kwa nyuma, basi. Nilitoka pale nikiwa mtu aliyeacha kazi ambayo jana yake tu nilikuwa naifanya.

Ndio maana hizi kelele za kuchekana zinaniuma. Wengi wetu tumesoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili, halafu Fomu Wani ghafla fizikia, historia, kila kitu kwa Kiingereza. Tukakariri ili tufaulu. Ukinyoosha mkono ukakosea, darasa zima linacheka, kwa hiyo siku nyingine hunyooshi. Sasa tumekua, kicheko kile kile tumekihamishia mtandaoni.

Wapo watakaosema staa ana hela, aajiri mwalimu. Sawa, kweli hiyo, kazi yake inahitaji lugha. Ila hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha mtu anayeogopa kufungua mdomo. Yule dada kafuta klipu na laivu hajaingia tena. Mashabiki wa nje aliowatafuta miaka yote wanaona kimya tu. Na kuna binti mahali aliyeona yale matusi, kesho ana intavyuu, kaamua ajibu "yes" na "no" peke yake asije akaumbuka.

Kumrekebisha ilikuwa sekunde moja tu: "Dada, hapo ni bored." Anajua, anaendelea na shoo yake, na wewe hupungukiwi kitu.

Haya, kwako mdau. Ni maneno gani ya Kiingereza yaliyowahi kukuumbua? Tiririka hapo chini tujifunze. Na atakayemcheka mwenzake, nitamwomba atuelezee tofauti ya "few" na "a few". Nimekaa pale.