Kisu Kisitenganishwe na Ala Yake

Kisu cha kale cha Kijapani, kile kiitwacho tanto, kikiingia sokoni, swali la kwanza huwa juu ya bapa lake: nani alilifua, karne gani, lina sahihi au halina. Bapa hilo kwa kawaida halizidi sentimita 30, na wahunzi wa enzi ya Kamakura kama Awataguchi Yoshimitsu walilifua kwa ustadi unaostahili sifa zote linazopewa. Ninachokipinga ni mazoea ya kuyaita yote yaliyobaki, mpini, ala na vyuma vyake vya nakshi, kuwa mapambo tu, kisha kuyang'oa na kuyauza moja moja.

Chukua kipete kinachofunga mpini pale unapokutana na bapa. Mara nyingi ni cha shakudo, yaani shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, ambayo ikichemshwa katika dawa yake hugeuka nyeusi inayoelekea buluu. Uso wake umejaa vitone vilivyosongamana mithili ya mayai ya samaki. Kila kitone kimepigwa peke yake, kwa patasi ndogo yenye ncha iliyobonyea, safu baada ya safu. Mkono ukiteleza mara moja tu, safu inapinda na jicho linaona. Juu ya uwanja huo ndipo huinuka joka la dhahabu. Goto Yujo, aliyemtumikia shoguni Ashikaga Yoshimasa na kufariki mwaka 1512, ndiye aliyeanzisha ukoo wa mafundi walioshikilia kazi hii hadi karne ya 19. Hawakuwa wakijaza nafasi iliyo wazi. Aliyechomeka kisu hicho kiunoni alitambulika kwacho cheo chake na uwezo wake.

Kisu chenyewe kimeundwa kifunguke. Kijiti kimoja cha mwanzi hupita kwenye mpini na kwenye mkia wa bapa. Kigonge kitoke, na vyote vinaachana. Ndiyo sababu bapa la karne ya 14 laweza kukutwa ndani ya ala iliyopakwa urushi, yaani vanishi ya utomvu wa mti, karne ya 19, kwa kuwa warithi walikivika upya kwa mtindo wa zama zao. Ndiyo sababu pia ilikuwa rahisi kukivunja. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku watu kutembea na panga, isipokuwa askari, polisi na wenye mavazi rasmi ya kiserikali. Vyuma vya mpini vikamiminika Ulaya na Marekani, na vingine vikageuzwa bizimu na vifungo vya mashati. Kano Natsuo, bingwa wa vyuma hivyo, alikuwa ameshaichongea serikali hiyohiyo sarafu zake, na baadaye akafundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Ustadi ukapata pa kukaa. Visu vingi vilivyokamilika havikupata.

Hata leo, nchini Japani, cheti cha usajili hutaja urefu wa bapa, mpindo wake, idadi ya matundu ya kijiti na sahihi. Mpini na ala havimo. Sheria ina sababu yake, kwani inachochunga ni makali. Makumbusho hayana udhuru huo. Kibao kinachosema "karne ya 14" chini ya kisu kizima kinafuta miaka 500 ya watu waliokirithi, wakakilipia fundi na kukivaa, na mimi nauona huo kuwa upotoshaji, hata kama haukukusudiwa.

Njia ya kuviweka pamoja ipo, na Wajapani wenyewe wanaitumia. Bapa hulazwa ndani ya ala ya mti mtupu uitwao ho, usiopakwa kitu, likae salama dhidi ya unyevu. Mpini na ala ya nakshi hushikanishwa kwa bapa la mbao lililochongwa kwa kipimo kilekile. Nawaomba wanaonunua wadai vyote viwili, bapa na vifaa vyake, katika mauzo hayohayo, na wanaoandika vibao waweke tarehe mbili, au tatu pale kisu kinapozihitaji.