UFUNGUO WA SANDUKU LA CHAMA



Njia ya reli haijafika Garissa, lakini sisi wa reli tunalo jambo la kujifunza kwa walimu wa huko.

Zamani ada ya chama ilikusanywa kwa mkono. Mweka hazina alizunguka siku ya mshahara na kitabu cha risiti, na wengi walimkwepa. Mwaka 1965 sheria ilimpa Waziri uwezo wa kuwaamuru waajiri wakate ada katika mshahara. Sheria ya 2007 imeshika njia hiyo hiyo. Fedha ikaja bila taabu, lakini ufunguo wa sanduku ukawa mkononi mwa mwajiri.

Tazameni KNUT, chama cha walimu kilichoundwa 1957. Katikati ya 2019 kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Mwaka huo kiligombana na Tume ya Kuajiri Walimu juu ya kupandishwa vyeo, kikashinda mahakamani. Ndipo wanachama wake wakanyimwa nyongeza waliyopewa walimu wengine. Maelfu wakajitoa, ada ikakauka, na matawi yakashindwa kuwalipa watumishi wake.

Kaskazini Mashariki pigo hili liliwakuta walimu wakiwa wamekwisha umia. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, walimu wakiwamo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na wasio wenyeji wakahamishwa. Mwalimu akihama, ada yake huhama naye. Waliobaki waliachiwa madarasa yasiyo na walimu, na chama cha kuwasemea hakina fedha, wakati ule ule walipokihitaji kuliko siku zote.

Basi sisi tufanye nini? Kila tawi liwe na daftari lake la wanachama, lisitegemee orodha ya mwajiri. Kila tawi liweke akiba ya siku ya shida. Sheria inataka hesabu zilizokaguliwa zipelekwe kwa Msajili kila mwaka; nasi tunataka zibandikwe pia mlangoni mwa ofisi, mwanachama ye yote azisome. Mtu hujitoa upesi katika chama asichojua kinatumiaje shilingi yake.

Mwajiri akifunga mfereji kesho, ni wangapi kati yetu watakaoleta ada kwa mkono? Kila mweka hazina wa tawi aanze kuwahesabu sasa.

Umoja ni nguvu.